Ya Kulia Hailii

Nyie mnaofunga taa za disko kwenye bodaboda, mpaka chombo kinapita barabarani kama ukumbi wa harusi uliotoroka na bibi harusi, sogeeni kidogo. Siwagombezi. Kugombeza nako ni kazi, na mimi nimestaafu kazi zote. Nataka tu niwasimulie habari ya indiketa nne, mbili mbele na mbili nyuma, nilizozifunga kwa mikono yangu, nikazisifu kwa mdomo wangu, halafu siku tatu baadaye nikakimbia barabarani na tonge mkononi nikimwomba Mungu zisiue mtu.

Hazikuua. Nawaambia mapema msije mkapata presha bure. Mimi mwenyewe hadithi nisiyoijua mwisho wake huwa naikimbia, naenda zangu kulala.

Kwanza mnijue. Nilikuwa fundi umeme wa pikipiki hapa Mpanda, Nsemulwa, nyumbani kwangu, kwenye kibanda cha bati nilichokiegemeza ukutani mwa jiko. Wenzangu walipanga fremu mjini, wakaandika na majina makubwa mlangoni. Mimi nilisema mwenye pikipiki ana magurudumu, mimi sina, basi aje yeye. Nilikaa kwenye kigoda kimoja tangu asubuhi, na nikitaka kuona upande wa pili wa pikipiki, mwenye nayo ndiye aliyeigeuza. Ndiyo maana watu wakaniita Fundi Kigoda. Nilistaafu pale macho yalipoanza kuniambia waya wa kijani na wa bluu ni ndugu wa tumbo moja. Sherehe ya kuniaga haikuwapo. Nilichukua kigoda, nikakiingiza ndani, basi.

Na siri moja, kwa kuwa tumekaa kirafiki: pikipiki nilizotengeneza sizijui idadi, lakini kuipanda naogopa. Nikikaa nyuma nafumba macho. Nikikaa mbele pia.

Kazi nilifundishwa na Mzee Selemani, aliyekuwa na duka la spea kule Kashaulili. Nilimwendea nikiwa nimetoka kidato cha nne, matokeo yangu ya fizikia ni ya kufunika kwa mkono, lakini kuna kanuni moja ya umeme niliyokuwa nimeishika na nikajiona mtaalamu. Siku ya kwanza nikamwimbia ile kanuni yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa kipande cha waya.

"Sasa muulize na huyu," akasema, "kama naye aliisoma."

Mzee Selemani hakuwa mtu wa haraka. Taa ikikataa kuwaka, mafundi wengine walilaumu balbu. Yeye alilaumu rangi. Alikuwa anasema umeme ni mgeni, akiingia lazima apate na mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ni bodi ya pikipiki. Sasa nyie mnapaka chombo rangi mpya ing'ae, halafu mnakaza waya wa bodi juu ya rangi ile ile. Mgeni atatokea wapi? Chukua msasa, kwangua mpaka chuma kicheke, ndipo ukaze bolti. Nusu ya indiketa nilizoletewa nikiambiwa zimekufa nilizifufua kwa kukwangua tu, na nilijitahidi kukunja uso nikikwangua, mteja asione kwamba kazi ni nyepesi kiasi kile.

Halafu rangi za waya. Pikipiki nyingi za Kichina zilizokuja kwetu zina utaratibu wake. Kijani ni wa bodi. Mweusi una moto ukishafungua swichi. Kijivu unatoka kwenye flasha, kile kidude kinachofanya taa ipepese, unakwenda mpaka swichi ya usukani. Pale unagawanyika: wa chungwa unakwenda taa za kushoto, wa bluu ya mbingu unakwenda taa za kulia. Nikatoa kalamu niandike.

"Usiandike," akasema Mzee Selemani. "Karatasi inalowa. Kumbuka chungwa. Ukimenya chungwa, chungwa lenyewe unalishika mkono gani?"

"Wa kulia."

Akaniangalia. "Na kisu?"

"Kushoto."

Akaweka kikombe cha kahawa chini taratibu. "Subhanallah," akasema. "Nimejiokotea mashoto."

Ndiyo, mimi ni mashoto. Marehemu bibi yangu alijitahidi kunihamisha, akafanikiwa kwenye chakula. Mwalimu wa darasa la kwanza akafanikiwa kwenye kalamu. Kisu na bisibisi hazikuhama. Mzee Selemani akafikiri kidogo, akaniambia: basi wewe kila ukishika ule waya sema, chungwa la Mzee, si langu. Nami miaka yote nikishika waya wa chungwa nilinong'ona hivyo, chungwa la Mzee, si langu. Wateja walidhani nasali. Baadhi yao waliitikia amina.

Msifikiri nilikuwa sikosei. Mwaka wa kwanza nilimfungia indiketa mwalimu mmoja wa kwaya, nikaunga wa chungwa na wa bluu, zote mbili, kwenye waya wa honi. Taa hazikuwaka hata moja, lakini kila akiwasha indiketa honi inapiga, pii, pii, pii, pii, mpaka amalize kona. Watu walikuwa wanatoka nje ya nyumba kuangalia harusi ya nani. Mzee Selemani alipoisikia inapita dukani kwake alisema tu, "Umemfungia msafara." Yule mwalimu alikaa nayo wiki nzima kabla ya kulalamika. Nadhani alikuwa ameanza kuipenda.

Na hili la flasha mlichukue, maana nawaona mkihangaika nalo. Flasha za zamani zilizoea balbu za zamani, zenye kula umeme. Mkitoa balbu hizo mkaweka LED, ambayo inakula kama mgonjwa, flasha inachanganyikiwa: ama inaganda, ama taa inapepesa mbio kama jicho lililoingiwa na pilipili. Nyie mnatupa taa. Taa haina kosa, tafuteni flasha ya elektroniki inayoelewana na LED. Na ikiwa taa ni za zamani na upande mmoja umeanza kupepesa kivyake, angalia balbu kwanza; moja imeungua, mwenzake anapiga kelele. Tena waya zinazopita shingoni mwa pikipiki ziachieni ulegevu. Geuza usukani mpaka mwisho huku, mpaka mwisho kule. Waya ukikaza, fungua, anza upya. Usiseme utalegea wenyewe. Waya haulegei, unakatika.

Sasa nije kwenye zile nne.

Baba Onesmo ni mkulima wa Sibwesa. Alifika kwangu asubuhi moja na pikipiki ya Kichina iliyochoka, imevuliwa kila kinachovuliwa: haina vioo, haina indiketa, hata waya za indiketa mwenye nayo wa kwanza alizing'oa zote. Nyuma ya siti alifunga nusu gunia la machungwa, zawadi yangu. Akanieleza shida yake huku amesimama, maana kigoda kilikuwa kimoja na nimekikalia mimi.

"Fundi, mkono wangu huu wa kulia unashika gesi, unashika jembe, unashika na kijiko. Kuinuka ndiyo umekataa."

"Ulianza lini kukataa?"

"Siku nilipoanguka mtini na mzinga wa nyuki." Akafikiri. "Mzinga ulitua vizuri."

"Sasa barabarani ukitaka kukata kulia unaonyeshaje?"

"Sionyeshi. Naomba."

Mkewe, Mama Onesmo, alikuwa amechoka na hayo maombi. Alikuwa amemwambia kwamba kliniki ataenda kwa miguu, sokoni ataenda kwa miguu, mpaka hiyo pikipiki ipate cha kuonyeshea. Na kwa miguu kutoka Sibwesa mpaka mjini si mzaha. Kwa hiyo Baba Onesmo alitaka indiketa, na alitaka na baza, vile vidude vinavyolia tii, tii, tii taa ikiwa inawaka, kwa sababu alijijua: akishakata kona anaanza kuwaza shamba, anasahau kuzima. Nikamwambia namwekea baza mbili, moja ya kila upande. Nilijisikia vizuri sana siku ile. Ukimfungia taa mtu asiye na mkono wa kuonyesha, unajiona kama daktari.

Nikaanza. Na machungwa yale yalikuwa matamu. Nafunga waya, namenya chungwa, nafunga waya, namenya chungwa. Bisibisi kushoto, kisu kushoto, chungwa mkono wa kulia, juisi inashuka mpaka kwenye kiwiko. Mmeshaelewa. Nimeshika chungwa lenyewe mkono wa kulia, mdomo umejaa, ile sala ya Mzee Selemani ningeinong'ona kwa mdomo gani? Nikachukua waya wa chungwa, mkono ukanikumbusha wenyewe kwamba chungwa ni kulia, nikaupeleka taa za kulia. Wa bluu nikaupeleka kushoto. Nikafunga tepu nzuri, kazi safi, ukiiona unapiga picha.

Ikabaki kujaribu. Nikamwita mke wangu, Mama Tumaini, akakaa juu ya pikipiki. Baba Onesmo alikuwa ameenda dukani kununua chumvi. Mimi nimekaa kwenye kigoda changu, mbele ya taa kubwa, tunaangaliana uso kwa uso na pikipiki.

"Washa kulia!"

Akasukuma swichi. Taa ikapepesa upande wangu wa kulia. Baza ikalia, tii, tii.

"Safi. Kushoto!"

Ikapepesa upande wangu wa kushoto.

"Safi kabisa. Nyuma zinawaka?"

Akageuka akaangalia. "Zinawaka."

"Shuka, mama. Mumeo ni fundi."

"Mume wangu ana maganda ya machungwa kwenye ndevu," akasema, akarudi jikoni.

Baba Onesmo akaja, akawasha, akasikia tii, tii, akacheka kama mtoto. Akaondoka. Mimi sikutoka kumsindikiza mpaka barabarani, nilikuwa nimeshaingia ndani kunawa. Ningetoka ningeona alivyokata kona. Lakini mimi na kutoka, mnatujua.

Siku tatu zikapita. Siku ya nne, saa nne hivi asubuhi, simu ikaita.

"Haloo, fundi! Ni mimi Mama Onesmo, wa Sibwesa! Nimepanda juu ya kichuguu natafuta mtandao, nasema haraka. Leo tunakuja mjini, na mimi nimepanda. Lakini hii taa yako, ya kushoto ndo ya kulia!"

"Inalia?"

"Ehe, ya kulia!"

"Basi vizuri, mama. Inatakiwa ilie."

"Inatakiwa?"

"Ndiyo! Mwenyewe ndivyo alivyotaka. Na ya kulia je?"

"Ya kulia si ya kulia, fundi!"

"Hailii?"

"Hata kidogo!"

"Hiyo isikutishe. Kuna waya umelegea. Njooni nayo, nitaubana, dakika tano tu."

"Kwa hiyo tuje hivi hivi?"

"Hivyo hivyo. Ndivyo zinavyokuwa zikiwa mpya."

Simu ikakatika. Nikarudi kwenye kigoda nimetulia kabisa, nikaandaa tepu ya kubana waya wa baza. Nikawa najisifia moyoni: ona, fundi mzuri anatibu kwa simu.

Waliposema wanakuja nilihesabu watafika mchana. Mama Tumaini akatenga mapema, ugali na samaki, migebuka, sinia moja kati yetu, yeye upande ule, mimi upande huu, tunatazamana. Nikanawa. Nikamega tonge. Kisha nikauona mkono wake unakuja kwenye bakuli la mboga, na sijui kwa nini siku hiyo niliuangalia. Ulitokea upande wangu wa kushoto.

"Unaniangalia nini mkono? Kula."

"Huo ni mkono gani?"

"Wa kulia! Nilie kwa upi mwingine? Au leo mashoto unataka kuniambukiza?"

Tonge likasimama hewani. Mkono wake wa kulia uko upande wangu wa kushoto. Kwa sababu tunatazamana. Kama nilivyokuwa natazamana na ile pikipiki.

"Mama Tumaini. Siku ile nilipokwambia washa kulia, swichi uliisukuma upande gani?"

"Upande wa mkono huu ninaolia."

"Mimi nikaona inawaka huku." Nikanyoosha mkono wangu wa kulia, wenye tonge. Ukanyooka kuelekea kwenye mkono wake wa kushoto.

Akaangalia mkono wangu, akaangalia wake. Yeye fizikia alipata alama nzuri kuliko mimi. "Baba Tumaini," akasema polepole, "umemfungia mtu wa watu kinyume."

Na hapo ndipo sauti ya Mama Onesmo juu ya kichuguu ilinirudia yote, neno kwa neno. Ya kushoto ndo ya kulia. Ya kulia si ya kulia. Mama wa watu hakutaja baza hata mara moja. Alinieleza kosa langu kwa Kiswahili kilichonyooka, mimi nikasikia kilio.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Walikuwa njiani.

Acheni niwaeleze niliona nini kichwani. Kuingia kwangu kutoka barabara kubwa unakata kulia. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo kukata kulia ni kupita mbele ya watu. Mtu akipunguza mwendo na kuonyesha kushoto, dereva aliye nyuma anasema, huyu anaingia pembeni, ngoja nimpite, na anampitia kulia. Sasa mweke Baba Onesmo pale. Anawasha kulia, taa inapepesa kushoto, lori linampita kulia, na yeye, anayemwamini fundi wake, anakata kulia. Na nyuma yake amembeba mwanamke aliyekataa kupanda mpaka taa zifungwe.

Nilisimama. Mama Tumaini mpaka leo anasema hajawahi kuniona nimesimama kwa kasi ile. Nikatoka na kandambili, ya kushoto ikabaki mlangoni. Jirani akanipigia kelele, "Fundi! Kuna msiba?"

"Bado!" nikamjibu, sikusimama.

Vijana wa bodaboda kwenye njia panda waliponiona wakaanza. "Oya, Mzee Kigoda katoka! Vipi mzee, kigoda kimeungua?" Mwingine akasema, "Nipakie nikupeleke, mzee, nitaenda taratibu." Nilisimama pembeni mwa lami, mguu mmoja peku, lami inaunguza, nimeshika tonge lililoanza kukauka. Kwa nini sikulitupa sijui. Labda nilihitaji kitu cha kushika.

Nikawaona. Wanakuja polepole, Baba Onesmo amenyooka juu ya usukani, mkewe nyuma na kitenge kipya. Na nyuma yao lori la mpunga, limejaa mpaka juu. Baba Onesmo akapunguza mwendo. Kidole kikasukuma swichi upande wa kulia, kwa adabu, mapema kabisa, kama nilivyomfundisha. Taa ikaanza kupepesa. Kushoto. Tii, tii, tii, ile kazi yangu nzuri, na ya kulia kimya, giza.

Lori likaanza kusogea kulia.

Nikapunga mikono yote miwili. Nikapiga kelele, "Usikate! Usikate!" Baba Onesmo ni mtu wa heshima. Akaniona, akainamisha kichwa kunisalimia.

Ndipo mkono ukatoka. Si wa Baba Onesmo; ule haukuweza. Ulitoka nyuma yake, mnene, na bangili zake, ukanyooka kulia mpaka kwenye ncha za vidole kama mbao ya kuzuia njia. Mama Onesmo hakuuyumbisha. Lori likapiga breki, likalia psssh, likasimama na mpunga wake wote. Pikipiki ikapita mbele yake taratibu, ikakata kulia, ikaja kusimama mbele yangu.

Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani. "Mama! Taa inasema kushoto, mkono unasema kulia! Nimwamini nani?"

Mama Onesmo hakugeuka hata kumwangalia. "Taa haina mume hapa mbele! Mwamini mwenye mume!"

Dereva akacheka, akaondoa gari. Vijana wa bodaboda wakapiga mbinja. Nikakaa pale pale kwenye changarawe, bila kigoda.

"Fundi," akasema Mama Onesmo, anashuka, "umekuja kutupokea na tonge?"

"Mama, ile taa..."

"Ile taa nilikwambia. Ya kulia si ya kulia. Ukasema ndivyo zinavyokuwa zikiwa mpya. Nikamwambia baba, sawa, fundi amesema, basi mpaka zizeeke mimi nitatoa mkono."

Nilitaka kumjibu. Nilitaka nimweleze habari ya chungwa, na kigoda, na baza. Badala yake machozi yakaanza kushuka yenyewe, na si ya huzuni, ni yale ya mtu aliyebeba gunia mlima mzima halafu akaambiwa, tua. Yakashuka tu, mbele ya vijana wote wa njia panda.

"Yoo, Mana yanje," akasema Mama Onesmo, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Baba Onesmo, ona. Fundi analia."

Baba Onesmo akanitazama, akazima swichi, tii, tii ikanyamaza.

"Mwache," akasema. "Si alisema inatakiwa ilie."

Nilicheka na machozi yangu hayo hayo. Tukaisukuma pikipiki mpaka nyumbani, maana nilikataa isiwashwe tena. Mama Tumaini alikuwa amesimama mlangoni na kandambili yangu ya kushoto. Alituhesabu kwanza, mmoja, wawili, watatu, ndipo akaongeza maji ya ugali jikoni.

Kazi ya kurekebisha haikuchukua hata hizo dakika tano. Kufungua tepu, chungwa kushoto, mbingu kulia, kufunga tepu. Chungwa la Mzee, si langu. Nilisema kwa sauti, na Baba Onesmo, mtu wa kanisani, akasema amina. Lakini safari hii kigoda nilikisukuma kando. Nikapanda juu ya pikipiki mwenyewe, nikakaa pale anapokaa dereva, macho wazi. Imezimwa, ndiyo, iko kwenye stendi, ndiyo. Nilikaa.

Kwa hiyo nyie vijana, kazi ya indiketa jaribuni mkiwa mmekaa anapokaa mwenye kufa. Msikae anapokaa fundi. Na tangu siku ile neno kulia sikulitumia tena kazini, maana kwa Kiswahili chetu kulia ni upande, ni kula kwa mkono, ni machozi na ni tii, tii. Neno moja lina kazi nyingi kuliko mimi. Nikawa nasema upande wa klachi, yaani kushoto, na upande wa breki, ule mwingine. Breki ya mkono haihami, hata ukiwa mashoto, hata ukiwa umeitazama pikipiki usoni. Nasikia kuna mafundi wadogo hapa mjini wanaosema "indiketa ya breki" bila kujua imetoka wapi. Imetoka kwenye nusu gunia la machungwa.

Baba Onesmo na mkewe bado wanapita. Siku zao za kuja mjini mimi nakitoa kigoda nje, nakaa mahali ninapoiona ile njia panda. Pikipiki inapunguza mwendo, indiketa ya breki inapepesa, sasa inapepesa upande wake halali. Na juu yake, kila safari, unatoka ule mkono na bangili zake, umenyooka. Nilimwuliza Mama Onesmo siku moja kama bado haziamini taa zangu.

"Naziamini, fundi," akasema. "Ni nzuri sana. Lakini bado mpya."

Mimi nawapungia kutoka kwenye kigoda. Kwa mkono wowote ulio karibu.